Muvi na Gemu za 2024 Zilizotupita

Jamaa anayetuwekea muvi pale getini ana daftari kubwa la kaunta, jalada limeshachanika. Humo kaandika kwa mkono kila kilichomo kwenye hadi diski yake: kalamu ya bluu kwa muvi, nyekundu kwa sizoni. Mwezi wa pili nilimpelekea flashi yangu nikamuuliza kama ana Dahomey. Akapekua kurasa tatu nne, akaniuliza, "Hiyo ya kupigana?"

Nikamwambia hapana, ni ya masanamu yaliyochukuliwa Benin zamani, sasa yanarudishwa kwao.

Akaniangalia kwa huruma kidogo. "Sista, Squid Game ya pili imeingia. Imeshatafsiriwa kabisa."

Nikachukua Squid Game, sitaki kuwadanganya. Niliimaliza kwa siku mbili, na asainimenti ya saikolojia ya elimu nikaiandika usiku wa kuamkia siku ya kukusanya. Lakini Squid Game haihitaji mimi niisifie humu. Nataka kuongelea vitu vya 2024 ambavyo havimo kwenye lile daftari. Nilivipata kwa kuhangaika, na kila nikivitaja kwenye vimbweta watu wananiuliza, "Ndo nini hiyo?"

Nilipoandika orodha yangu nyuma ya notsi niligundua kitu ambacho sikukipanga. Karibu vyote vina msiba ndani yake. Rumeti wangu aliiona ile orodha akasema, "We unatafuta muvi au unatafuta makaburi?" Sikuwa na jibu siku ile, ila leo naweza kueleza ilivyokuwa.

Ilianza na deni. Mwaka jana TP nilipangiwa Songea, sekondari moja ya kata, Historia Kidato cha Pili. Mada ilikuwa jinsi Waafrika walivyoupokea ukoloni, na ukifundisha mada hiyo Songea huwezi kukwepa Majimaji. Mji wenyewe unaitwa kwa jina la mtu aliyenyongwa. Somo linafundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo niliandika ubaoni kwamba Nduna Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906 pamoja na wapiganaji wengine zaidi ya 60, nikatafsiri kwa Kiswahili, halafu nikaenda moja kwa moja kwenye sababu za kushindwa kwa vita. Hoja sita, zilezile nilizokariri mimi nikiwa fomu tu.

Kipindi kilipoisha mwanafunzi mmoja akanifuata koridoni, mikono kaiweka nyuma.

"Shikamoo madam."

"Marahaba."

"Madam, kichwa chake kiko wapi?"

Sikumwelewa. Akaniambia walipokuwa darasa la tano walipelekwa Makumbusho ya Majimaji, wakaoneshwa makaburi, wakaambiwa kwamba Nduna Songea amezikwa bila kichwa. Kwa hiyo alitaka kujua kichwa kilienda wapi. Kwake lilikuwa swali la kawaida kabisa, kama kuuliza chaki imewekwa wapi.

Nikamjibu, "Swali zuri. Tutaliangalia kipindi kijacho."

Anayesoma ualimu anajua sentensi hiyo ina maana gani. Kipindi kilichofuata asesa alikuwa amekaa nyuma na fomu yake, nami nilikuwa nimebadilisha andalio la somo liwe na kazi za vikundi ili nipate maksi. Baada ya hapo ikaja mitihani ya katikati ya muhula, kisha TP ikaisha. Nilipanda basi la alfajiri bila kumjibu.

Ndiyo maana nilipoona tangazo kwamba filamu inayoitwa Kaburi Wazi ingeoneshwa bure kwenye ukumbi mmoja wa utamaduni hapa Dar, nilienda, tena peke yangu. Kwenye matamasha ya nje inajulikana zaidi kama The Empty Grave. Imeongozwa na Cece Mlay, Mtanzania, na Agnes Lisa Wegner, Mjerumani. Viti vingi vilikuwa wazi. Mbele yangu walikaa wazee wawili, na mmoja wao alikuwa anaguna kila baada ya dakika kadhaa, ile guno ya mtu anayesikia habari za ukoo wake.

Ni filamu ya kweli, hamna waigizaji. Inamfuata John Mbano, mwanasheria wa Songea, na mkewe Cesilia Mollel, wanaotafuta kichwa cha babu yao, Nduna Songea Mbano huyohuyo niliyemwandika ubaoni na kumpita kwa sentensi moja. Safari yao inafika hadi Berlin. Kuna pia familia ya Kaaya kutoka Meru, wanaomtafuta Mangi Lobulu, naye alinyongwa na Wajerumani. Nilidhani nitaona hasira mwanzo mwisho. Nilichokiona zaidi ni uchovu na adabu: watu waliovaa vizuri, wameshika karatasi, wanaeleza kwa upole kwa mara ya kumi kwamba wanamtaka ndugu yao wakamzike. Sisi tunaozungushwa dirisha hadi dirisha kwa ajili ya namba ya usajili tunaijua kidogo hali ile. Kidogo tu, maana sisi tunafuatilia karatasi.

Nilitoka pale nikasoma kwa wiki nzima, mambo ambayo hayamo kwenye notsi zangu za fomu tu wala za chuo. Enzi zile Wajerumani walikusanya mafuvu ya watu kutoka makoloni yao kwa maelfu, kwa madai ya kuyachunguza kisayansi. Daktari mmoja wa Berlin, Felix von Luschan, alikuwa na mkusanyiko wake binafsi, na alipofariki mwaka 1924 ukauzwa New York. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitoa matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka kwenye iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Kwa kupima vinasaba walifanikiwa kumtambua Akida, mshauri wa Mangi Meli wa Moshi, na ndugu zake walio hai. Novemba mwaka huohuo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea akaomba msamaha. Kichwa cha Nduna Songea hakijapatikana, wala cha Mangi Meli.

Kuna mzee anaishi Berlin, Mnyaka Sururu Mboro, ambaye kabla hajaenda kusoma Ujerumani alimwahidi bibi yake kwamba atarudi na kichwa cha Mangi Meli. Bado anakitafuta, na amekaa huko zaidi ya miaka 40. Mimi kipindi kijacho changu kilinishinda.

Basi jibu la swali la yule mwanafunzi ni kwamba hatujui, ila tunajua namna kilivyoweza kuondoka, tunajua kuna maboksi ambayo bado hayana majina, na kuna watu wa Songea wamepanda ndege kwenda kuuliza. Ningeweza kulisema hilo kwa dakika tatu, tena kwa Kiswahili. Hata zile hoja sita zingebaki na nafasi yake.

Kaburi Wazi ilioneshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Berlin, Februari 2024. Tamasha hilohilo, mwaka huohuo, Dubu wa Dhahabu, yaani zawadi kubwa kuliko zote, alienda kwa Dahomey ya Mati Diop. Kwa hiyo kwenye mji uleule wenye maboksi ya mafuvu yetu, watu walikaa wakatazama filamu mbili za Waafrika wanaodai vyao. Sijui waliotoka ukumbini usiku ule waliongea nini. Natamani ningekuwa nyuma yao kwenye daladala.

Dahomey ni fupi, dakika 68 hivi. Majeshi ya Ufaransa yaliuteka ufalme wa Dahomey mwaka 1892 na kubeba vitu vya kifalme. Novemba 2021 vitu 26 vikatolewa kwenye makumbusho ya Paris, vikafungwa kwenye masanduku, vikapandishwa ndege hadi Cotonou. Kamera inasafiri navyo. Sanamu ya Mfalme Ghezo, ambayo imepewa namba 26, inaongea yenyewe gizani ndani ya sanduku, kwa Kifon, sauti nzito ya kukwaruza. Mwanzoni nilitaka kucheka. Baada ya dakika kumi nikaacha.

Lakini niliyependa hasa ni nusu ya pili, na naomba mtu wa serikali ya wanafunzi asome hapa kwa makini. Mati Diop aliwakusanya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Abomey-Calavi akawaacha wabishane. Hamna profesa wa kuhitimisha. Mmoja anasema kurudishiwa vitu 26 kati ya 7,000 ni matusi. Mwingine anasema tuanze na hivi, ni hatua. Kuna anayeuliza kwa nini mjadala wote unafanyika kwa Kifaransa. Kuna anayesema amekua akitazama katuni za Disney, hakuwahi kuona katuni ya Mfalme Béhanzin. Wanakatizana, wengine wanapiga makofi, wengine wanazomea. Nilijiona pale, nikajiuliza mara ya mwisho sisi kubishana hivyo kwa jambo lisilokuwa Simba na Yanga ilikuwa lini. Na sababu tunazo. Mifupa ya yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, Lindi, imesimama Berlin ikiwa na urefu wa zaidi ya mita 13, na watu wanalipa kiingilio kuitazama. Arudishwe? Akirudishwa akae wapi, Lindi au Dar? Mimi nina msimamo wangu na niko tayari kuutetea kimbweta chochote, mleta hoja alete na soda.

Sasa gemu, maana najua wengine mmeruka hadi hapa.

Naanza kwa kukiri kwamba mimi ni mtoto wa PlayStation 2 ya kaka yangu, pedi moja ilikuwa mbovu na ndiyo niliyokuwa napewa mimi. Hapa chuoni gemu ni mpira tu, basi. Kwa hiyo Tales of Kenzera: ZAU ilipotoka Aprili 2024 nilisikia kwa kijana mmoja wa kompyuta sayansi, ambaye laptopu yake ina fenicha zote. Bei yake wakati ule ilikuwa dola 20 kasoro senti, zaidi ya elfu hamsini zetu. Kwa elfu kumi ya chakula ya boom ya wakati ule, hizo zilikuwa siku tano bila kula. Yeye aliivizia kwenye punguzo.

Aliyeitengeneza ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Waliocheza Assassin's Creed Origins wanaijua sauti yake, ndiye Bayek. Baba yake alifariki, na gemu hii ameitengeneza kutokana na msiba ule. Kijana anayeitwa Zau, anayejifunza uganga, amefiwa na baba yake. Anamwita Kalunga, mungu wa kifo, na kumpa sharti: nikikuletea mizimu mikubwa mitatu iliyokushinda, unirudishie baba. Kalunga anakubali na kuongozana naye kama mzee wa makamo mwenye subira. Zau ana vinyago viwili, cha jua cha kupigana kwa moto karibu karibu, na cha mwezi cha kurusha barafu kwa mbali. Unaruka, unapanda, unaanguka, unarudia.

Halafu ukienda kwenye mipangilio unaweza kuchagua sauti za Kiswahili. Gemu ya kulipia, ya kampuni kubwa kama EA, watu wanaongea Kiswahili. Usiku ule tuliicheza kwenye kimbweta chenye soketi nyuma ya hosteli yetu, na kila aliyepita alisimama. "Hii gemu inaongea Kiswahili?" Mmoja aliyekuwa anawahi kuoga alisimama na ndoo yake mpaka maji yakapoa.

Nimependa pia kwamba mganga humo si tapeli. Muvi zetu zimetuzoesha mganga wa tunguri na maneno ya kutisha, anayekula hela za wajinga. Huku uganga ni kazi yenye mafunzo na miiko, Zau ameurithi na bado hajaiva. Kwa lugha yetu, Zau yuko TP.

Ina kasoro zake. Mapigano yanajirudia, ukishakariri adui wa kwanza umekariri wote. Na wakati mwingine wanaeleza sana kwa maneno jambo ambalo umeshaliona kwa macho. Pengine ndiyo sababu wakubwa wa magemu waliipita haraka. Miezi michache baada ya kutoka, studio yenyewe ikapunguza wafanyakazi. Aprili 2025 ikapata tuzo ya BAFTA ya gemu zenye jambo zaidi ya burudani, lakini ukiwauliza wachezaji kumi hapa chuoni, tisa hawaijui.

Yote hayo ningeyasema hata kama ningeicheza peke yangu. Ila sikuicheza peke yangu.

Mwezi wa kumi na moja rumeti wangu alifiwa na baba yake. Yeye ni mkubwa kwetu kwa miaka miwili, chumba kizima tunamwita Da' Mkubwa, ndiye anayetuamsha na ndiye anayejua gesi imeisha lini. Alienda kuzika, akarudi baada ya siku tisa kwa sababu ya testi. Alirudi na ubuyu wa kutugawia. Tulimpa pole wote, tukachanga, tukaandika jina lake kwenye maombi ya Jumatano, na baada ya hapo hakuna aliyejua aseme nini tena. Mimi nalala kitanda cha chini yake. Usiku nilikuwa nasikia hajalala, na mimi naye najifanya nimelala. Tulikaa hivyo mpaka mwezi wa kwanza. Nasoma unasihi, nina A ya kozi ile, na kwa miezi miwili nilichomwambia ni "Da' Mkubwa, umekula?"

Usiku wa gemu alikuja kuchaji simu. Akakaa pembeni, anatazama bila kusema. Ndani ya gemu kuna mibuyu, na ukiufikia mmojawapo unaweza kumkalisha Zau chini yake apumzike. Kalunga anakaa naye, wanaongea kuhusu baba. Hamna adui anayekuja. Zau akawa anaongea, na neno "Baba" likasikika, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu anayemwita mzee wake nyumbani.

Da' Mkubwa akasema, "Mzee alikuwa hazimi redio. Hata akilala. Ukiizima anaamka."

Hatukusema kitu. Akaendelea kwamba sasa nyumbani mama yake anaiwasha redio ileile usiku, na wadogo zake wanalalamika hawalali, na yeye hajui amwambie mama aizime au aiache. Yule kijana wa kompyuta sayansi, ambaye kwa kawaida haongei na watu, akamsogezea pedi tu. Akacheza mpaka saa nane. Alikufa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwenye miiba, kwenye mashimo, na kila akifa anasema "Ah!" kwa nguvu mpaka mlinzi akaja kutuangalia.

Hakuimaliza. Ilipobaki mzimu wa mwisho alisema hataki kuona itakavyoisha, na sikumlazimisha. Mimi nimemaliza baadaye na sijamwambia, wala nyie siwaambii. Sidai kwamba gemu ilimponya. Mwezi wa tatu alifeli testi moja kwa mara ya kwanza toka namfahamu. Ila kuanzia usiku ule anamtaja baba yake chumbani, nami nimejifunza kumuuliza.

Nyingine mbili nazipitia haraka, si kwa sababu ni ndogo.

On Becoming a Guinea Fowl ya Rungano Nyoni, ya Zambia, ilipata tuzo ya uongozaji kwenye kundi la Un Certain Regard huko Cannes 2024. Shula anarudi usiku kutoka kwenye sherehe na kumkuta mjomba wake Fred amekufa barabarani, na uso wake hauoneshi lolote. Kisha msiba unahamia nyumbani kwao: magodoro sebuleni, wanawake jikoni, wanaume wanauliza chakula kiko wapi, mjane ambaye ni binti mdogo kabisa anasemwa kwamba hakumtunza mumewe. Polepole unajua mjomba aliwafanyia nini wasichana wa ukoo ule, na unajua kwamba wakubwa walijua. Guinea fowl ni kanga, yule ndege anayepiga kelele kuwaonya wanyama wengine adui akikaribia. Kwetu jina hilohilo ni la nguo tunayojifunga msibani. Niliitazama na wenzangu wawili, na ilipoisha tulikaa kimya muda mrefu, halafu mmoja akasema, "Kila ukoo unaye." Wanaume, itazameni pia. Msiseme ni ya kina dada.

The Village Next to Paradise ya Mo Harawe ndiyo filamu ya kwanza ya Somalia kuingia kwenye uteuzi rasmi wa Cannes, 2024 pia. Baba anachimba makaburi ili aishi, ana mtoto wa kiume na dada yake wanakaa nyumba moja, ndege zisizo na rubani zinapita juu. Inaenda taratibu, onyo. Ila shule ya kijiji inapofungwa na baba akaanza kufikiria kumpeleka mtoto bweni mjini, mtu wa Elimu hawezi kukaa sawa kwenye kiti. Sisi tunaandika utoro kama asilimia kwenye jedwali. Humo utoro una jina na viatu.

Mtaniuliza mtazipata wapi. Ndiyo shida yenyewe. Jamaa wa getini hana, na simlaumu, anaweka kinachouzika na ana kodi ya kibanda ya kulipa. Ukumbi tunao, projekta ipo, na kinachotakiwa ni barua ya kuomba filamu kihalali kwa wenyewe na barua ya kuomba projekta. Kaburi Wazi inaongea Kiswahili sehemu kubwa, haihitaji dijei wa kutafsiri. Barua ya projekta nimeshaandika mbili. Ya kwanza iliambiwa haina muhuri wa kitivo, ya pili bado "iko mezani". Nikijibiwa mtaona tangazo kwenye ubao wa kafeteria, karibu na yale ya vyumba vya kupanga.

Wakati huohuo fomu za TP zimetoka. Unajaza mikoa mitatu unayoipendelea, na wote wanagombania Dar, Pwani na Morogoro. Mimi namba moja nimeandika Ruvuma. Mratibu aliitazama fomu akaniuliza kama nina mchumba huko. Nikamwambia hapana, nina kipindi sijamalizia.

Yule mwanafunzi kama alivuka mtihani wa Kidato cha Pili, sasa yuko cha Tatu. Jina lake sikuliandika popote, ila nakumbuka alikuwa anakaa dawati la pili upande wa dirisha, na sweta lake lina kiraka cha kijani kwenye kiwiko.